Kamba Zilizotoka Kuoga

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko yao na wake wa kuwafokea, Kiboko na Nyati walimiliki kokoro, wavu mrefu unaovutwa kutoka ziwani kwa kamba mbili. Wao walivuta. Nguchiro mdogo alitunza kamba: alizisuuza mchanga, akazianika kivulini, akaunga palipolika.

Ujira wake? Vichwa vya dagaa! Wanawe walilala na njaa.

Siku moja akasema, "Wakubwa zangu, nipeni japo sato mmoja."

Kiboko akacheka, kwa! kwa! kwa! "Sato kwa kufua kamba? Anayekula ni anayevuta!"

"Tena hatukutaki," Nyati akadakia. "Kamba ni kamba tu. Toka!"

Nguchiro aliumia moyoni. Akaenda kwake, akasuka kamba zake mwenyewe, akazitunza.

Wale mabwana misuli sasa! Wakimaliza kuvua, wanarundika kamba mbichi zimejaa mchanga, halafu wanazikalia. Mnasikia? Wanazikalia, na makalio yale!

Ikafika siku kokoro limesheheni samaki. Wakavuta. Hooo! Mara kamba zote zikakatika, ta! ta! Nyati chali, Kiboko juu yake, puu!

"Nguchiro, ndugu yetu! Tuazime kamba, samaki watatoroka!" wakaita kuelekea kwake.

"Nitapata sato?"

"Utapata vichwa vingi zaidi," Kiboko akasema, bado kalala matopeni.

Lo! Hata hapo! Nguchiro akameza hasira, akaleta kamba, akazifunga kwenye wavu.

"Ila hizi zimetoka kuoga, zina haya. Wazee wazima mtazikodolea macho? Zitakatika kwa aibu! Fumbeni macho, lipeni ziwa mgongo, mvute mpaka niseme."

"Mimi nimelelewa vizuri," Kiboko akajibu. "Siangalii."

Wakavuta, macho wameyafumba ndi. Wavu ulipofika kwenye maji mafupi, mke wa Nguchiro na wanawe wakatoka mateteni na matenga. Chwa! Chwa! Sato wakahamishwa.

"Mbona kokoro limekuwa jepesi?" Nyati akauliza.

"Ni nguvu zako, mkubwa! Leo umezidi!"

Nyati akavimba kichwa, akavuta zaidi.

Walisubiri sana kuambiwa "basi". Walipochoka wakafumbua macho. Wavuni mna magugu na chura mmoja, naye anawashangaa. Kule kwa Nguchiro, sato walikuwa wanachachatika kikaangoni, na watoto wanagombea mikia.

Basi watoto, ukimdharau anayekutunzia kamba, utavuta magugu.