Vikombe Kumi na Kimoja

Mwanamke mmoja alikuwa na kikombe cha bati. Kilikuwa cheupe, chenye ukingo wa bluu uliobanduka rangi, na ubavuni kilikuwa kimebonyea. Kilibonyea mwaka ule alioolewa, kilipomponyoka mkononi kikaangukia jiwe la jikoni. Hakukitupa. Siku zile kikombe kilikuwa kitu.

Mwanamke huyo aliitwa Spesioza. Aliishi katika kijiji cha michikichi, na kazi yake ilikuwa kupika sabuni ya mawese. Kila dumu moja la mafuta, lita ishirini, alilitilia kostiki, yaani yale magadi makali meupe ya dukani ambayo yakigusa ngozi yanachoma. Kostiki ikipungua, sabuni hubaki laini na haitakatishi. Ikizidi, huchubua mikono. Spesioza aliharibu vyungu vingi katika ujana wake mpaka akaipata idadi inayofaa. Ilikuwa vikombe kumi na kimoja. Alikijaza kikombe, akakifuta juu kwa kijiti kisiwe na kichuguu, akaimwaga kostiki taratibu ndani ya ndoo yenye maji, na kwa kila kikombe akaweka kokwa moja ya chikichi juu ya jiwe. Kokwa zilipofika kumi na moja, aliacha.

Alikuwa pia na desturi. Sabuni ikishapoa na kukauka, kabla haijamfikia mtu yeyote, aliigusa kwa ncha ya ulimi wake. Ikiuma, haikutoka nyumbani kwake. Alisema si haki ngozi ya mtoto wa mwenzako ionje ukali ambao wewe hujauonja. Kwa hiyo katika kijiji kile kila mtoto mchanga aliogeshwa mara ya kwanza kwa sabuni ya Spesioza, na hakuna mama aliyewahi kuuliza imepimwaje.

Miaka ikapita. Macho ya Spesioza yakaingia ukungu na mikono yake ikaanza kutetemeka. Akamwita Yasinta, mke wa mwanawe, akamfundisha kazi. Akamwonyesha moto unavyotakiwa kuwa, na jinsi mwiko unavyozungushwa upande mmoja bila kugeuza. Mwisho akamwambia, "Dumu moja, vikombe kumi na kimoja. Usiongeze, usipunguze." Yasinta akayarudia maneno hayo mara tatu. Spesioza akaridhika.

Yasinta alikuwa mtu wa huruma. Kwa muda mrefu alikuwa ameona kwamba ukingo wa kile kikombe humkata mama mkwe wake kidole, naye hukificha kidole ndani ya khanga ili asimsikitishe mtu. Basi siku ya gulio akanunua kikombe kipya, cheupe, chenye ukingo wa bluu. Aliupitisha ukingo kwenye mdomo wake mwenyewe kabla ya kukichukua, ahakikishe haukwaruzi. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni kile kile, kimetoka kiwanda kile kile, na alisema kweli. Kikombe cha zamani Yasinta alikiweka uani, kuku wanywee maji. Hakumwambia mtu. Aliona wema hautangazwi.

Ndani ya nyumba yalikuwa yamebaki madumu matatu ya mafuta, na msimu wa chikichi ulikuwa umekwisha. Jirani yao Editha alikuwa na mimba ya mapacha, na alikwisha kuomba sabuni yake.

Yasinta akapika chungu cha kwanza. Alichuchumaa mpaka jicho lake likawa sawa na ukingo wa kikombe, aone kama kijiti kimefuta vizuri. Alihesabu kokwa, akazihesabu tena. Siku ya tatu akaikata sabuni, akaigusa kwa ulimi. Ikamuuma kama kaa la moto.

Wifi yake Godeliva, dada wa mumewe, alikuwepo, na Godeliva hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Wifi, kumi na moja huja baada ya kumi. Wewe ulipitia wapi?"

"Nilihesabu vizuri."

"Ulihesabu na nani? Na kuku?"

"Basi njoo kesho ukae hapa uhesabu mwenyewe."

"Nitakuja. Na kigoda nitaleta changu, maana kazi yako naona ni ndefu."

Kesho yake Godeliva akaja na kigoda, akahesabu kwa sauti, kikombe kwa kikombe, mpaka kumi na moja. Hakukuwa na kosa. Chungu cha pili kikapikwa kama cha kwanza, kikapoa kama cha kwanza, na siku ya tatu kikauma kama cha kwanza, si zaidi wala si pungufu.

Godeliva hakufanya mzaha tena. Akasema, "Basi tatizo si hesabu. Ni mkono. Kuna mikono ya kupika na kuna mikono ya kuunguza." Kisha akabeba kigoda chake akaondoka.

Neno hilo lilifika kisimani kabla ya ndoo kujaa. Ikasemwa kwamba dumu la mwisho apike Godeliva. Ikasemwa pia kwamba mkono kama ule haufai kumshika mtoto mchanga.

Wiki ile ile Editha akajifungua mapacha, na wanawake wakaenda kuwaona. Yasinta naye alikwenda, akasimama mlangoni, mikono ikiwa imefungwa ndani ya khanga. Editha alimwona. Akamnyooshea mtoto mmoja mbele ya watu wote. Yasinta alisema ana mafua, akarudi nyumbani. Hakuwa na mafua. Alikuwa ameanza kuyaamini maneno ya kisimani. Tangu siku ile, hata mwanawe mwenyewe mchanga alimpakata kwa kuweka nguo katikati ya viganja vyake na mwili wa mtoto.

Spesioza macho yake hayakuona vizuri, lakini alisikia. Alisikia kwamba mjukuu wake analia akiogeshwa, na kwamba mama yake hamwimbii. Akauliza, akaelezwa yote. Akawaita Yasinta na Godeliva. Akaomba kipande cha sabuni ile mbaya, akaigusa kwa ulimi wake, ingawa aliambiwa kwamba inachoma. Ikamuuma naye. Hapo tayari Yasinta hakuwa peke yake aliyeungua.

Kisha akasema, "Nipeni kikombe."

Wakampa. Akakishika kama alivyokishika miaka arobaini, na kidole gumba chake kikaanza kutafuta mbonyeo wa ubavuni, mahali kilipozoea kulala. Kilizunguka kikombe chote. Hakikupata pa kulala.

"Hiki si changu. Changu kiko wapi?"

Yasinta akainama. "Kiko uani, mama. Kilikuwa kinakukata kidole."

Spesioza hakukasirika. Alikishika kidole chake kwa mkono wa pili, akakaa hivyo kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba siri yake ilikuwa inatunzwa na mtu mwingine. Godeliva akatoka akakileta kikombe cha zamani kikiwa na mavi ya kuku, akakisugua kwa majivu mwenyewe.

Spesioza akaagiza kikombe kipya kijazwe maji mpaka ukingoni, kisha yamiminwe ndani ya kile cha zamani. Yasinta akamimina. Cha zamani kikajaa, na kile kipya bado kilikuwa na maji. Akaendelea kumimina. Maji yakafurika, yakapita mkononi mwake, yakashuka mpaka kwenye kiwiko, yakadondoka chini. Wote watatu wakayatazama yakiingia kwenye udongo. Kikombe kimoja tu kilizidi kiasi kile. Vikombe kumi na kimoja vilizidi mara kumi na moja.

Ndipo Spesioza akasema, "Mwanangu, wewe hukukosa. Mimi nilikupa idadi, sikukupa kikombe."

Walikwenda wote watatu kwenye duka la Hilali, mahali penye mzani wa kupimia sukari, wakiwa na vikombe vyote viwili na kostiki. Godeliva alitaka kostiki imwagwe ipimwe mara moja, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuona. Hilali akamzuia. Aliweka kwanza ndoo tupu juu ya mzani, akasoma uzito wake, akauandika kwa chaki.

"Ndoo nayo ina uzito wake, mama. Tusije tukaisingizia kostiki."

Godeliva aliitazama ile ndoo tupu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakapima vikombe kumi na kimoja vya kikombe cha zamani. Hilali akatoa uzito wa ndoo, ikabaki kilo mbili na nusu. Wakapima vikombe kumi na kimoja vya kikombe kipya, ikabaki kilo tatu. Wakarudia, kwa sababu Spesioza alitaka kuwa na hakika. Ikawa vile vile. Idadi ilikuwa moja, na vitu vilikuwa viwili.

Spesioza akakipapasa kikombe chake, akacheka kidogo. "Miaka arobaini nimefanya naye kazi, sikujua anaitwa kilo mbili na nusu."

Njiani kurudi, Godeliva akasema sabuni ile mbaya ichimbiwe shimo. Yasinta alikuwa akipiga hesabu kwa vidole ndani ya khanga. Akasema haitupwi. Kama kilo mbili na nusu inatosha lita ishirini, basi nusu kilo iliyozidi inatosha lita nne. Kila chungu kibaya kilikuwa na njaa ya lita nne tu za mafuta. Ukali wake wote ulikuwa ni huo.

Wakaikatakata sabuni ya chungu cha kwanza, wakaiyeyusha kwa maji juu ya moto mdogo, wakaipa lita nne kutoka dumu la mwisho. Wakafanya vivyo hivyo kwa chungu cha pili. Dumu likabaki na lita kumi na mbili. Yasinta akazipimia kilo moja na nusu kwa mzani wa Hilali, akapika chungu cha tatu. Godeliva ndiye aliyekuwa akikoroga, upande mmoja bila kugeuza, mpaka mabega yakamuuma, na alipoambiwa apumzike akasema hajachoka.

Siku ya tatu sabuni ya vyungu vyote ikakatwa. Yasinta akachukua kipande akipeleke mdomoni. Godeliva akamshika mkono, ule mkono aliouita wa kuunguza.

"Nipe mimi, wifi. Ulimi wangu ndio unaostahili kuonja kwanza."

Akaonja cha kwanza, cha pili, na cha tatu. Hakikuuma hata kimoja.

Jioni ile Yasinta alipeleka sabuni kwa Editha. Kwa kuwa mapacha walikuwa tayari wana siku kadhaa, na wengine walikuwa wamewaogesha kwa maji matupu, mtu angeweza kusema sabuni imechelewa. Editha hakusema. Alimwekea beseni mbele yake, akampa mtoto. Yasinta akafungua khanga, akatoa mikono yote miwili, akampokea mtoto bila nguo katikati. Akamwogesha mpaka vidole vya miguu. Mtoto alilia kidogo mwanzoni, kwa sababu ya maji, akanyamaza.

Spesioza alikirudisha kikombe chake rafuni, kikae, kisipimie tena kitu. Kwenye ubao wa mlango wa jiko mtu ameandika kwa mkaa: dumu moja, kostiki kilo mbili na nusu, ndoo ipimwe kwanza. Sasa anayeingia anaweza kupika, awe na mkono wowote.

Nanyi mliowakabidhi watoto wenu na wake za wana wenu idadi ya maisha, ile kumi na moja yenu, mkaona walichopika kinaunguza mkasema ni mikono yao, je, kikombe mlichopimia nyinyi mlikiweka wapi?