Kicheko cha Bi Mwasiti

Hapo zamani, wala si zamani za kale, bali zamani za filamu kukatwa vipande viwili, diski ya sehemu ya kwanza na diski ya sehemu ya pili, palikuwa na banda la video mjini Muheza. Mwenye banda alikuwa mjane, jina lake Bi Mwasiti.

Bi Mwasiti alizipenda filamu za vichekesho kuliko mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyezikasirikia kama yeye. Miaka kumi na mmoja alikaa safu ya mbele, mikono mapajani, akisubiri kucheka. Ikaonyeshwa filamu ya mtu anayeanguka kila hatua. Bi Mwasiti hakucheka. "Kuanguka si kichekesho," alisema. "Kichekesho ni mtu anayejitahidi asianguke." Ikaonyeshwa ya mwanamume aliyevaa dera, Bi Mwasiti hakucheka. "Kichekesho ni pale dera linapompendeza, akawa hataki kulivua." Ikaonyeshwa nyingine, kila mzaha ukifuatwa na kinanda cha kuwajulisha watu kwamba mzaha ndio huo umepita, hapo aliinuka akaenda zake nyumbani. Kesho yake alirudi, saa ile ile, kiti kile kile.

Mwishowe alichoka. Palikuwa na mfanyabiashara wa saruji aliyelitaka banda liwe ghala lake. Bi Mwasiti akasimama mbele ya watazamaji akaapa: "Atakayenichekesha kwa filamu ya vichekesho humu ndani, banda ni lake, na ufunguo nitamkabidhi kwa mkono wangu. Mwezi ukiandama sijacheka, namwuzia mtu wa saruji."

Aliyeshtuka kuliko wote ni Mhando, mwendesha mitambo, mtu mzima mwenye mvi, ambaye kwa miaka tisa hakuwa na kazi nyingine wala hakujua kazi nyingine.

"Bi Mkubwa, na mimi je?"

"Wewe niombee nicheke."

Siku zikapita, filamu zikapita, Bi Mwasiti hakucheka. Ikafika tarehe ishirini na tisa, alasiri, akaja mchekeshaji mwenyewe kutoka Tanga, mtu wa makamo ajiitaye Chechele, kaileta filamu yake kwapani.

"Mama," alisema, "hii nimeifanya miaka mitatu. Leo utashika mbavu."

"Wenzako nao walizitaja mbavu zangu," alijibu Bi Mwasiti. "Keti."

Mhando akazipokea diski. Kwa haraka akazifuta vumbi kwa kipande cha kanga, ya kwanza kisha ya pili, na katika kuzifuta akazichanganya. Akaweka ya pili.

Filamu ikaanza katikati ya maneno, na watu hawakushangaa, kwani filamu zetu huanza hivyo. Wakaona jeneza. Wakaona Chechele anazikwa, mkewe analia, shemeji wanagombea viatu vyake. Nyuma watu wakaanza kunong'ona: "Mbona amekufa mapema?" Mwingine akapaza sauti: "Mhando, anza mwanzo!"

Hapo akainuka Mama Hoza, muuza maandazi, ambaye hakuna filamu aliyokubali kwamba hajaiona.

"Kaeni chini! Mimi hii nimeiona Tanga, ndivyo ilivyo. Mnataka mfundishwe na nani?"

Hakuwa ameiona. Lakini watu wakakaa.

Mhando, kule kwenye mashine, alikwisha kulitambua kosa lake. Akanyoosha mkono azime. Akamtazama Bi Mwasiti, akaona jambo ambalo kwa miaka tisa hakuliona: Bi Mwasiti ameinama mbele. Akaurudisha mkono wake.

Sehemu ya pili ikaisha, ya kwanza ikaingia. Na tazama, yule marehemu akabisha hodi, amevaa kanzu safi, amekuja kuposa.

"Pacha wake huyo," alieleza Mama Hoza.

Baba wa binti akamwuliza jina. Akalitaja lile lile.

"Mapacha wa jina moja, wapo!"

Baba akamwuliza, "Umewahi kuoa?" Chechele, kikombe cha chai mkononi kimejaa hadi ukingoni, akijitahidi kisimwagike, akainua uso mtulivu kama uso wa mtoto aliyelala, akasema, "Sijawahi, mzee."

"Mwongo!" Mama Hoza alipiga kelele. "Mjane wako si huyo hapo anakuletea sukari!"

Bi Mwasiti akacheka. Alicheka akayashika magoti, alicheka kanga ikamwanguka, alicheka hata walio nyuma wakasahau filamu wakawa wanamtazama yeye. Alipopata pumzi, jua lilikuwa bado halijatua.

Akautoa ufunguo. Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Uso ni wangu," alisema Chechele. "Mama, ulicheka nilipoinua uso, si kabla. Kikombe kile nilikijaza mara ishirini na sita mpaka nikaridhika. Pangekuwa na uso mwingine, pangekuwa na kicheko gani?"

"Lakini pale wewe hukukusudia kuchekesha," alijibu Mhando. "Bi Mkubwa, nilikosea, sikatai. Kosa lilikuwa la dakika tano. Baada ya hapo nilijua, na nikaliacha makusudi, kwa kuwa nilikuona wewe. Filamu ikipangwa atakavyo yeye, ni mtu anayekuja kuposa, basi."

"Umeivunja filamu yangu, nawe unataka zawadi!"

"Nimeivunja, ikafaa."

"Nyamazeni nyote wawili," alisema Mama Hoza. "Wewe mdogo wangu ulikuwa mbele unakula kucha. Wewe Mhando ulikuwa umejificha nyuma ya mashine. Watu walitaka ianzwe upya, nani aliwakalisha? Na yule mjane na sukari yake, nani aliwaonyesha?"

"Ulisema uongo, dada," alisema Chechele. "Hukuiona."

"Sikuiona. Na bado nimewaeleza vizuri kuliko aliyeitunga."

Ndipo mfanyabiashara wa saruji, aliyekuwa mlangoni na kamba yake ya kupimia, akakohoa kwa adabu. "Bi Mwasiti, samahani. Kiapo chako kilikuwa ucheke kwa filamu ya vichekesho. Huyu anadai uso, huyu anadai kosa, huyu anadai uongo. Filamu iko wapi hapo? Mimi naona kiapo bado, na mwezi ndio huo unatafutwa."

Bi Mwasiti akamtazama Chechele, aliyetafuta kicheko miaka mitatu akakipata mahali asipokiweka. Akamtazama Mhando, ambaye hana mahali pengine pa kwenda. Akamtazama Mama Hoza, ambaye kesho atakuja tu, banda liwe la yeyote. Banda halikatwi vipande viwili kama filamu, sembuse vitatu. Nje, watoto wa madrasa wakapiga makelele: mwezi umeonekana.

Nanyi mnaosikiliza, msimwangalie msimulizi, kwani yeye hakuwamo ndani. Ufunguo uko kiganjani, kiganja kiko wazi. Je, ni nani aliyemchekesha Bi Mwasiti?