Kijaluba cha Raya na Mluzi wa Usiku

Fiii. Kimya. Fiii tena, mwembamba, na Raya akafumbua macho gizani asijue unatoka wapi. Mluzi usiku, na nani asiyejua kwamba mluzi wa usiku huita nyoka, au huita wezi, ambao nao ni nyoka wenye miguu miwili. Akahakikisha komeo, akamfunika mwanawe Faki gubigubi, akakivuta kijaluba, kile kikasha cha vifaa vya kushonea cha marehemu bibi yake, akakikumbatia chini ya shuka, akakaa hivyo hadi alfajiri, jicho mlangoni, mume yuko bara kazini, nyumba nzima yeye na mtoto, na moyoni ana watu watatu tu wa kuwashuku.

Watu wenyewe ni hawa, na kila mmoja na kipaji chake.

Bi Shamsa alikuwa na sikio. Akipewa subana kuukuu ya kuvalia kidoleni, huigonga kwenye jino mara moja, akakwambia, "Huu mfupa wa ng'ombe," au, "Hii pembe ya ndovu," wala hajaitazama.

Bi Mgeni alikuwa na jicho. Yeye hagongi. Hukielekeza kitu dirishani. Akiona vidoa vyeusi vidogo, ni mfupa. Akiona mistari iliyopishana mfano wa ukili wa mkeka, ni pembe. Hata kipande kisichokuwapo angekueleza kilivyokuwa.

Fundi Hamad, mshona kofia, alikuwa na mkono. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano huku anakohoa, na uzi usikose tundu.

Wote watatu walikuwa wakikusanya vifaa vya kale vya kushonea, vya mfupa na vya pembe. Kununua hawawezi, pembe ya ndovu sheria imeipiga marufuku, anayeuza na anayenunua wote jela. Basi huzunguka majumbani, wanasifu, wanakunywa chai, wanangoja kupewa. Na hakuna aliyekuwa na seti kamili kama ile ya kijaluba cha Raya.

Jana yake walikuja kuitazama. Sasa, kwa mila ya washonaji wa mji ule, kifaa cha kushonea hakipokezwi mkono kwa mkono, eti kinachoma mapenzi. Unakiweka mkekani, mwenzio anakiokota. Vikapita hivyo, Shamsa anaweka, Mgeni anaokota, Mgeni anaweka, Hamad anaokota: subana, kidungio cha kutobolea vitundu vya kofia, sindano ya kulabu, na kibomba cha mfupa cha kutilia sindano, ambacho kifuniko chake kidogo kina tundu kwa juu la kupitishia uzi wa kukitundikia. Raya hakutazama vitu, alitazama mikono yao. Faki anatambaa katikati yao.

"Kijaluba hiki utamwachia nani, mwanangu?" akauliza Bi Mgeni, kwa sauti laini mno.

"Simwachii mtu."

"Mwache, Mgeni," akasema Bi Shamsa. "Huoni anavyotutazama? Kuku na mwewe."

Wakaondoka. Kulipokucha, kabla hata chai haijachemka, hodi. Bi Shamsa kasahau miwani yake. Nyuma yake Bi Mgeni, kaleta maandazi. Nyuma yake Fundi Hamad, anapita tu. Raya akafungua mlango upana wa uso wake.

"Nani kati yenu alikuwa akipiga mluzi usiku?"

Fiii.

Bi Shamsa akainua kidole wanyamaze. "Mluzi huo hautoki nje, Raya. Unatoka kifuani kwa mtoto."

Raya akakimbilia kitandani, wote nyuma yake, akamfunua Faki. Midomo imeanza kugeuka rangi, na kila pumzi inapiga mluzi. Hospitali mbali, gari ya kwanza haijafika. Akasema kwa pumzi moja, mbele ya wote, "Atakayeniokolea mwanangu, kijaluba chote chake, Mungu shahidi."

Bi Mgeni akafunua kijaluba aone kama kuna kitu mtoto kakimeza, akatazama mara moja. "Kifuniko cha kibomba hakimo." Akamulika kooni kwa tochi ya simu. "Kile pale. Tundu limeelekea juu, ndilo linalompa pumzi. Kulabu itaingia."

Fundi Hamad akachukua sindano ya kulabu. "Mshikeni kichwa, na mtu asinisemeshe." Mkono ukaingia, ukatulia, ukarudi, na kifuniko kikadondoka mkekani. Faki akalia, na Raya akamzoa kifuani.

Alipoinua uso, wote watatu walikuwa wanakitazama kijaluba.

"Bila sikio langu," akasema Bi Shamsa, "mngekuwa mnatafuta nyoka uvunguni mpaka sasa."

"Bila jicho langu," akasema Bi Mgeni, "mngemkanda kifua mafuta ya nazi, mkasema mafua."

"Bila mkono wangu," akasema Fundi Hamad, "mngesikia, mngeona, na mtoto anakwenda."

Kugawana wakakataa. Seti ikitawanywa, hiyo si seti tena.

Raya akauliza polepole, "Na jana, kifuniko alikishika nani mwisho?"

"Mimi nilikiweka mkekani, Mgeni aokote."

"Sikukiokota. Nilijua kakichukua Hamad."

"Mimi? Nilijua mwenye mali kakirudisha."

Na Raya akawaza, kitu kidogo vile, mtu anaweza kukisukuma chini ya ukingo wa mkeka kwa goti, kesho arudi kukifuata asubuhi mapema, kwa kisingizio cha miwani, cha maandazi, cha kupita tu. Au alisahau mtu, basi. Au ni yeye mwenyewe, aliyetazama mikono ya watu asitazame ya mwanawe.

Sasa wameketi barazani wote watatu, wanangoja. Kijaluba kiko mapajani mwa Raya, ahadi imeshatoka kinywani, na Mungu ameshashuhudishwa. Apewe sikio, apewe jicho, au apewe mkono? Na kama mmoja wao ndiye aliyekificha kifuniko, na hajulikani ni yupi, je, wale wawili wasio na hatia wanyimwe kwa ajili yake, au mwenye hatia naye ahesabiwe kwa wema wake?

Je, wewe ungeamua vipi? Mwambie Raya kwa sauti ya chini, mlango ameurudisha. Atawatolea uamuzi kana kwamba ni wake. Kwamba umetoka kwako, ameapa, hatamwambia mtu mwingine.