Mtamba Mmoja wa Mama Subilaga

Sogeeni karibu, na mwenye majibu ya haraka akae nyuma kabisa, maana huyo ndiye anayeniharibia masimulizi kila mara.

Katika bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, walikuwapo vijana watatu waliosoma kompyuta chuo kimoja na kupanga nyumba moja. Gwakisa alipenda lugha za skripti. Ukiandika kwa lugha hizo, kompyuta inasoma mstari mmoja mmoja na kuutenda papo hapo. Ukikosea unafuta, unajaribu tena, na chai yako haijapoa. Lusekelo yeye hakuwa na haraka. Alipenda lugha za kukompaili, zile ambazo programu nzima hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine ndipo iendeshwe. Kuiandika ni kazi, kuibadilisha ni kazi tena, lakini ikishasimama inakimbia kwelikweli, na umeme inakula kidogo tu. Hao wawili walishinda wakibishana, huyu akimwita mwenzake kobe, yule akijibu panzi. Wa tatu, Atuganile, alizijua lugha zote kiasi, na hakuna aliyemsifu kwa hata moja. Kipaji chake kilikuwa kuitazama kazi na kujua inataka nini.

Jirani yao alikuwa Mama Subilaga, mjane. Mwaka uliotangulia ndege wa kwelea kwelea walimtulia shambani mpunga ukianza kuiva, wakamwachia mabua. Kaka yake akamwambia kwamba msimu mwingine ukiharibika, afunge nyumba akakae kwake. Alisema kwa upendo, lakini Mama Subilaga aliumia sana, kwa sababu nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na kaburi lake liko pale nyuma ya jiko. Basi mpunga ulipochanua akasimama mbele ya majirani akasema, "Atakayeniokolea mpunga wangu, mtamba wangu ni wake." Na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alikuwa naye mmoja tu, amemlea kwa mkono wake tangu ng'ombe aliyemzaa afe.

Gwakisa akawa wa kwanza. Jioni haijafika, alishafunga kikompyuta chenye maikrofoni juu ya nguzo katikati ya shamba. Ndege wakija, skripti iwatambue, mota ivute kamba ya makopo, makelele yawafukuze. Na iliwatambua, hilo tusimnyime. Ila kwa mwendo wake: mpaka makopo yalie, ndege wameshatua na wanakula, na betri ilikata roho kabla ya adhuhuri. Mama Subilaga akampa pole, akamletea uji.

Lusekelo akaja na kisanduku chake, kidogo kama kiberiti, programu yake imeshakompailiwa, akakiunganisha na kamba ile ile ya makopo. Hicho hakikuchelewa hata kidogo, na betri ilidumu. Tatizo ni kwamba kilishtuka kwa kila kitu. Ipite pikipiki, makopo. Wapite korongo, makopo. Akohoe Mama Subilaga mwenyewe, makopo! Kila akitaka kukirekebisha ilimbidi akishushe, aandike, akompaili upya, apande tena nguzo, na huko juu ndege wakaanza kuyazoea makelele. Naye alipewa uji.

Kona moja ya shamba ikaliwa. Mama Subilaga akaanza kupanga vyombo vyake kwenye kikapu, bila kumwambia mtu. Atuganile alimkuta akifanya hivyo, akatoka pale, akawaendea wenzake ambao siku hizo hata salamu walikuwa wameacha kupeana.

"Mnagombea kazi moja, na hapa kazi ni mbili," akawaambia. "Gwakisa, wewe tafuta. Badilisha skripti yako unavyotaka mpaka ujue kwelea kwelea wanasikikaje, kisha uache. Lusekelo, wewe usitafute chochote. Chukua alichokipata, ukikompaili, kikalinde shamba."

Walinuna, lakini walifanya. Gwakisa akashinda juani akijaribu njia hii na ile. Nyingine alizitupa kabla hajamaliza kutafuna muwa wake. Mwishowe akaipata: ni mvumo wa mabawa mengi kwa pamoja, unaosikika kabla ndege hawajaanza kulia. Lusekelo akauandika huo tu, akaukompaili, akapanda nguzo.

Asubuhi kundi kubwa lilipokuja, Mama Subilaga alikuwa ukingoni, amejiziba mdomo kwa kitenge. Makopo yakalia kabla ndege wa kwanza hajagusa suke. Kundi likapinda, likaenda zake. Likarudi, makopo yakalia tena, likaondoka. Yule mama akakaa kwenye tuta la jaruba, akalia kwa furaha.

Mpunga ukavunwa, na majirani wakaikumbusha ahadi. Gwakisa akasema bila sauti aliyoigundua yeye, kisanduku kingekuwa bado kinagombana na pikipiki. Lusekelo akasema sauti peke yake haijafukuza hata ndege mmoja. Akasema kilichosimama shambani mpaka mavuno ni kisanduku chake. Atuganile hakudai kitu. Baadhi ya majirani wakasema ni sawa, hakuandika hata mstari. Wengine wakasema bila yeye hao wawili wangekuwa bado wanaitana kobe na panzi, na mama angekuwa kwa kaka yake.

Wamfuge pamoja? Msimu umekwisha, kila mmoja anarudi kwao, na kwao ni njia tatu tofauti. Auzwe, achinjwe? Mama aliahidi mtamba, si fedha, na mtamba wake haendi buchani.

Mama Subilaga akamfungua mtamba, akawakuta vijana wote watatu uani wamesimama.

"Wanangu," akasema, "nyumba hii mmeniokolea watatu, na mtamba ni mmoja."

Akanyoosha mkono wenye kamba. Moyo wake uliwapenda wote, na mkono ukabaki hapo hewani, mtamba akimlamba kiwiko.

Mimi naishia hapo. Wewe wa nyuma, mwenye majibu ya haraka, zamu yako imefika: kamba hiyo ungeiweka mkononi mwa nani, na wale wawili waliobaki ungewatazamaje machoni?