Kuoga na Kuogelea

Sogeeni karibu. Aliyeshiba asisinzie, mwenye njaa avumilie kidogo. Hadithi hii ni fupi, ila inawasha kama upupu kwa asiye na jibu.

Zamani, tena si zamani sana, walikuwapo watu watatu Bukoba, kandokando ya ziwa. Ta Rugemalira, yaani Mzee Rugemalira, alijua maji. Akichovya wayo tu, atakuambia wapi pana shimo na wapi pana mchanga. Devota alikuwa fundi baiskeli, na mikononi mwake chuma chakavu kilisahau uzee. Kokushubila yeye alikuwa na kalamu. Akiandika tangazo, hata mvivu huamka kitandani.

Watatu hao waliitwa na chama cha triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia bila kupumzika. Chama kilitaka mfululizo wa mashindano nchi nzima, miji mitano, kwa mabingwa na kwa wasiojua lolote.

"Anzeni ninyi," mwenyekiti akasema. "Wakija watu wa kila aina, tutaendelea. Wakija mabingwa peke yao, basi, tumeshindwa. Na atakayefanikisha jambo hili, kombe la taifa litabeba jina atakalolitaja yeye."

Kokushubila alikuwa nalo jina tayari. Mama yake, Kemilembe, aliishi miaka sitini hatua mia mbili kutoka ziwani, na hakuwahi kulowesha magoti. Aliogopa. "Siku moja, mwanangu," alikuwa akisema, na siku hiyo haikufika. Tangu azikwe, Kokushubila humwota: ukungu umelala juu ya maji, watu wanatoka mmoja mmoja wakicheka, na wa mwisho ni mama, kanga imelowa hadi kifuani. Kila mara huamka kabla mama hajafika nchi kavu. Alilitaka kombe lile mpaka moyo ukamuuma.

Basi akaandika tangazo. Sasa ninyi mnajua, mtoto wa kwetu akienda kuogelea husema, "Naenda kuoga ziwani." Kokushubila, mawazo yote kwa mama, akaandika hivyo hivyo: "Njooni wote! Kuoga, baiskeli, mbio."

Kulipokucha siku yenyewe, salaale! Mabingwa kumi na wawili wamevaa nguo za kubana, na nyuma yao watu sitini wenye taulo na sabuni.

Devota akashika kiuno. "We Kokushubila! Umetangaza mashindano au josho la ng'ombe?"

Kokushubila alitamani ardhi immeze. Kuwarudisha watu waliofunga safari ni aibu. Kuwaingiza majini ni kuwaua.

Ta Rugemalira alivua viatu, akaingia ziwani peke yake, akapapasa chini kwa nyayo, akafunga kamba yenye madumu matupu pale maji yasipopita kiuno. "Asiyejua kuogelea atembee humu," akasema. "Mradi alowe."

Devota naye akakimbia sokoni, maana wenye sabuni hawakuja na baiskeli. Akaazima zile za kubebea ndizi, zilizopinda na zilizochoka. Akanyoosha, akakaza, akajaza upepo, mikono ikawa myeusi tii.

Lakini watu walisimama tu ufukweni, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ndipo akatokea Ma Adventina, bibi wa miaka sabini, akajifunga kanga vizuri. "Mimi nimekuja kuoga," akasema, "na nitaoga." Akaingia, kamba mkono huu, sabuni mkono huu. Wengine wakamfuata.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kokushubila akaona watu wakitoka mmoja mmoja wakicheka. Wa mwisho, asiye na haraka, alikuwa Ma Adventina, kanga imelowa hadi kifuani. Bibi akafika nchi kavu, na Kokushubila hakuamka. Akalia mbele za watu.

"Mwanangu," bibi akamuuliza, "sasa mimi nimeoga au nimeogelea?"

Jioni, wa mwisho alipomaliza kukimbia, mwenyekiti akafungua kalamu. "Watu wa kila aina wamekuja, mfululizo utaendelea. Nani kaufanikisha?"

"Bila kamba yangu tungekuwa msibani," akasema Ta Rugemalira.

"Bila baiskeli zangu wangeishia kujianika juani," akasema Devota.

Kokushubila aliinamisha kichwa. "Bila kosa langu... wasingekuja." Watu wakaangua kicheko, kisha wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Ma Adventina hakudai chochote. Alikuwa pembeni, anakamua kanga yake.

Mimi kamba yangu imeishia hapa, shikeni ninyi. Nani kaufanikisha: aliyejua maji, aliyejua chuma, aliyekosea neno, au bibi wa watu aliyekuja na sabuni? Mwenyekiti bado ameinua kalamu, na Kokushubila ana jina la mama yake mdomoni, hajalitaja. Je, wewe ungemwambia alitaje?