Uji wa Mtu Mmoja

Wapendwa, wale mliostaafu naomba leo msiniangalie kwa jicho hilo, maana sitamtaja mtu jina. Na ninyi ambao bado mna kazi, msisinzie. Siku yenu iko njiani.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shule ya bweni. Alipika pale miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa sababu akisimama na upawa wake mlangoni mwa jiko, hata mwalimu wa zamu alipanga foleni. Asubuhi uji, mchana makande, jioni ugali na maharage, vinywa mia nne kila siku ya Mungu. Mama huyu hakujua kijiko cha kupimia. Maji alipima kwa ndoo, chumvi kwa kiganja, na mchuzi alionjea mgongoni mwa mkono, akatikisa kichwa mara moja, basi. Na hakuwahi kuharibu chungu.

Siku ya kumuaga, shule ilimpa kitenge, chupa ya chai na cheti chenye fremu. Wanafunzi walilia. Wengine walilia kwa uchungu wa kweli, wengine walikuwa wanawaza nani sasa atawaachia ukoko.

Watoto wake walikuwa wameshamjengea nyumba mjini, nyumba nzuri: maji yanatoka ndani, jiko la gesi la kubonyeza, kochi, televisheni. Kijana wake mkubwa akamkalisha kwenye kochi, akamwambia, "Mama, umeteseka vya kutosha. Usiguse kitu. Sasa kazi yako ni kukaa."

"Nikae mpaka lini, baba?"

"Mama naye! Kaa tu, upumzike."

Jamani niwaulize, kukaa ni kazi? Mtu anakaa kwa ajili ya nani?

Saa kumi alfajiri macho yalimfumbuka yenyewe, kama miaka yote. Anaweka miguu chini, anatafuta kandambili, ndipo anakumbuka kwamba hakuna anayesubiri uji. Anarudi kulala, usingizi hauji. Anafagia ua ambao aliufagia jana na haujapata hata jani moja. Siku moja akapika maharage yake mwenyewe, mkono ukaenda kwenye chumvi kwa mazoea, kiganja kizima kikaingia. Hayakulika. Akajaribu wali, ukamtosha wiki nzima, na siku ya nne ulikuwa umeshachacha. Mikono ile ilikuwa haijui kidogo ni nini. Mwisho akaacha kupika kabisa, akawa mtu wa chai na mkate, mkate na chai. Mwezi wa tano gauni la kanisani likawa linamning'inia. Mtoto akipiga simu, "Mama, unaendeleaje?" anajibu, "Nimekaa." Moyoni alikuwa ameshaamini kwamba Mungu amemaliza naye, amesahau tu kumchukua.

Basi, kukatokea msiba mtaani. Mama Upawa akaenda kutoa pole kama jirani yeyote, akakuta kule nyuma akina mama wanahangaika na sufuria la wali wa watu mia tatu. Chini umeungua, juu mbichi, katikati uji. Mmoja analaumu kuni, mwingine analaumu mchele. Yeye akasimama, akatazama kidogo, akavumilia, akashindwa.

"Hebu nipisheni," akasema. "Huo moto toeni nusu. Wewe, lete majani ya mgomba. Nyinyi wawili, funikeni hapa, na mtu asifunue mpaka niseme mimi."

Ndugu zangu, wali ulioliwa siku ile ulizungumzwa mtaani kuliko hotuba za makaburini. Mama akarudi nyumbani ananuka moshi, kiuno kinamuuma, na akalala usingizi wa mtoto mchanga. Akamshukuru Mungu kwa machozi. Alikuwa amepata kazi.

Sasa msicheke. Msiba uliisha. Siku mbili, siku tatu, wiki, mama amekaa tena. Na kidogo kidogo, bila yeye mwenyewe kujua, akaanza kusubiri msiba mwingine. Akikutana na jirani sokoni, salamu zikiisha tu anauliza, "Na yule mzee wa kule bondeni, hali yake?" Akiambiwa, "Anashukuru, leo amekaa nje kidogo," anajibu, "Ahaa, Mungu mkubwa," halafu anarudi nyumbani amenyong'onyea. Nyuma ya mlango aliweka kikapu tayari: aproni, kanga ya kujifunga kiunoni, na mwiko mpya aliomwagiza seremala, mrefu kama mtoto wa darasa la pili. Msiba ukitokea ni yeye wa kwanza. Akifika, hakuna mwanamke mwingine anayegusa sufuria. Wahenga walisema kufa kufaana, ila sidhani kama walikuwa wamemwona huyu.

Alikuwa mtu mbaya? Hata kidogo. Alikuwa mtu anayetaka kuhitajiwa, na hakujua njia nyingine ya kuhitajiwa isipokuwa na watu mia tatu kwa mpigo.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani, mjane, moyo wake umechoka na miguu imevimba. Binti yake alikuwa akishinda kazini, anarudi jioni. Mama Upawa akasikia kwamba yule bibi amezidiwa. Akajitanda kanga, akaenda kumjulia hali.

Alikalishwa uani, bibi amelala kwenye kitanda cha kamba kivulini. Wakaamkiana. Wakazungumza habari za joto na habari za watoto. Lakini macho ya mgeni hayakutulia. Yanakwenda ukutani, yanarudi mpapaini, yanapima kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye pipa la maji. Yule bibi alikuwa amepima watu magauni miaka arobaini. Alijua mtu anayepima akimwona.

Akamtazama, akamwachia kidogo, kisha akauliza kwa upole tu, "Umeshapata pa kuweka mafiga?"

Mama Upawa akajibu, "Mafiga gani, dada?"

"Ya kunipikia wali wangu. Naona unataka pale kwenye mpapai. Pale usiweke, upepo wa mchana unavuma huku, moshi wote utaingia ndani kwa wafiwa."

Mama akataka kucheka, kicheko kikagoma. Aibu aliyoipata hapo hakuwahi kuipata tangu azaliwe, kwa sababu ilikuwa kweli: moyoni alikuwa ameshaweka mafiga, ameshapanga kuni, na alikuwa ameshaona sufuria mbili zingetosha.

"Nisamehe, dada," akasema. "Sijui nimekuwa mtu gani."

"Umekuwa mtu asiye na kazi," bibi akasema. "Mimi nilipoacha cherehani nilikuwa nashona mapazia ya madirisha ambayo hayapo. Nisikilize, mwenzangu. Huo wali wako nasikia ni mtamu sana, lakini siku hiyo mimi sitakula. Mimi nataka uji. Leo, nikiwa na mdomo. Kikombe kimoja."

Kikombe kimoja! Mpishi wa watu mia nne alisimama mbele ya jiko la gesi kama mwali anayefundishwa kupika. Alirudi na sufuria ya lita tano. Bibi akaichungulia, akauliza, "Bweni liko wapi?" Wakacheka wote wawili mpaka bibi akakohoa. Kesho yake ukawa mzito, kijiko kinasimama chenyewe. Siku ya tatu ukawa na mabonge. Miaka thelathini na mmoja, na sasa anashindwa na kikombe!

Siku ya nne, kabla hajapika, akauliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza tangu aanze kazi ya upishi. Alisema, "Dada, wewe uji unaupendaje?"

Hebu mfikirie. Vinywa mia nne, mara tatu kwa siku, na hajawahi kumwuliza mtu hata mmoja, unapendaje? Angeuliza saa ngapi? Foleni ilikuwa inasukumana.

Bibi akakunja pindo la kanga yake, akalikunjua. Pengine na yeye ilikuwa siku nyingi hajaulizwa. Kisha akasema anapenda wa ulezi, mwepesi, na ndimu kidogo, sukari kwa mbali, kama alivyokuwa akipikiwa na mama yake alipokuwa mdogo. Na usiwe wa moto sana. Mama Upawa akaenda akapika hivyo. Bibi akanywa wote, akalamba mdomo, akarudisha kikombe, akasema, "Sasa wewe ni mpishi."

Tangu hapo kila asubuhi saa mbili alikuwa mlangoni pale na chupa yake. Uji ulinyweka kwa dakika kumi, mazungumzo saa tatu nzima. Walisemana, walitaniana, walilia habari za waume zao waliotangulia, na bibi akamfundisha kushona vifungo. Siku moja wanawake wa mtaa wakaja mbio kumwita: kuna msiba mkubwa ng'ambo ya barabara, watu mia tano. Akawaambia, "Tangulieni, nitafika. Kwanza kuna mtu anasubiri uji." Wakatazamana. Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo. Na gauni la kanisani likaanza kumkaa vizuri tena, kwa sababu sasa kila akipika kikombe cha bibi alipika na cha kwake.

Walikwenda hivyo mwaka mmoja na miezi. Asubuhi moja akabisha hodi na chupa mkononi, akafunguliwa na yule binti, ambaye saa ile alipaswa kuwa kazini. Hakuhitaji kuambiwa. Chupa ikabaki mkononi, bado ina joto.

Mtaa ukajaa. Turubai likafungwa, kuni zikashushwa, mchele ukapepetwa, masufuria yakatelekwa. Akina mama wa jikoni wakawa wanaulizana, "Mama Upawa yuko wapi? Maji yanachemka." Wakapeleka mtu nyumbani kwake, hayupo, akarudi na kile kikapu cha nyuma ya mlango tu. Mwishowe mmoja akauchukua ule mwiko mrefu, akaingia nao ndani, akamkuta amekaa mkekani na wafiwa, kanga kichwani, ameegemea ukuta kando ya yule binti.

"Mama, tunakusubiri wewe tu. Watu ni wengi."

"Leo sipiki."

"Jamani mama! Sasa nani apike?"

"Pikeni ninyi, mwanangu. Mimi nimefiwa."

Kwetu mfiwa hapiki, mnajua. Mfiwa hupikiwa. Yule mwanamke akasimama na mwiko wake katikati ya chumba, akaelewa, akatoka kimyakimya. Wali wa siku ile ulikuwa mbaya. Uliungua chini, na chumvi ilizidi. Mama yule aliletewa sahani yake, akanawishwa mikono, akala huku machozi yanadondokea kwenye wali, na hakuacha hata punje.

Wapendwa, tuzungumze sasa. Sisi tuliostaafu tunaumwa ugonjwa mmoja. Tulikuwa na wanafunzi, tulikuwa na wagonjwa, tulikuwa na mafaili, tulikuwa na askari wa kutupigia saluti. Foleni ile ilipoondoka tulidhani Mungu ameondoka nayo. Tangu hapo tunasubiri foleni nyingine. Tunagombea uenyekiti wa kamati hii na ile, tunawapangia wake zetu jiko, tunawapigia simu waliopokea viti vyetu ofisini kuwaeleza wanavyokosea. Na kama kamati hakuna, tunakaa, tunahesabu magari yanayopita.

Foleni ile, ndugu zangu, ilikuwa ya chakula. Aliyepakua angekuwa mtu mwingine, watu wangekula vilevile. Naliona linawachoma, na mimi linanichoma, maana na mimi mwakani mimbari hii naikabidhi.

Lakini saa zile tulizozipata bure, zile zinazotuchosha kwa kukosa la kufanya, ndizo hasa tulizozikosa miaka yote ya kazi: saa za kumwuliza mtu mmoja, wewe unapendaje? Na kusubiri ajibu, hata akichelewa.

Nyumba ya tatu kutoka kwako anaishi nani? Usinijibu mimi. Kesho asubuhi, ukishafagia ua wako uliofagiwa, nenda ukapige hodi. Siku yako itafika, watu watakuja, wali utapikwa, na mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka walikuwa mia ngapi. Mimi nawaombea mpate nyumba moja tu ambayo, saa mbili asubuhi, mtu anatazama mlango na kusema, "Mbona leo amechelewa?"