Bei ya Nyasi za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, katika nchi moja ya Ulaya ambako jua huchungulia tu kisha likaaga, waliishi wanyama wa kwetu. Msiniulize walifikaje huko. Sikilizeni.

Kiboko alikuwa na gurudumu kubwa mtoni. Maji yakilisukuma, gurugumu, gurugumu, umeme ulipita kwenye nyaya hadi kila nyumba. Tembo naye alizalisha umeme kidogo kwa makaa ya mawe aliyoyaagiza mbali, kwa bei ya kuua mtu. Na sheria ya nchi, aliyoitunga Kiboko mwenyewe, ilisema hivi: bei ya umeme wote ni bei ya ule ulio ghali kuliko wote.

Bi Pimbi, mjane mdogo wa majabalini, alikuwa amechoka. Bei ilipanda tena, umeme wa jiko lake ukakatwa, na kitinda mimba wake alikuwa akitetemeka, ti-ti-ti, chini ya blanketi. Akaenda mtoni.

"Bwana Kiboko, huo mto unakugharimu nini?"

"Haunigharimu kitu, Bi Pimbi. Ila makaa ya Tembo yamepanda."

"Lakini kwangu unakuja umeme wa mto!"

"Sheria ni sheria," akasema Kiboko, akapiga mwayo.

Pimbi aliudhika mpaka masikio yakamwasha. Kila akija, jibu ni hilohilo! Akameza hasira, akalainisha sauti. "Sheria nzuri hivi, mzee wangu, mbona iishie kwenye umeme? Itangaze iwe ya kila bidhaa sokoni, jina lako livume."

Kiboko, mpenda sifa, akaitangaza siku hiyohiyo.

Kulipokucha, Pimbi akapanda mlima wenye theluji, akachuma konzi moja ya nyasi, akaiweka sokoni kando ya malundo ya nyasi za bondeni ya wauzaji wengine. Kiboko, ambaye tangu atajirike hakujichumia nyasi mwenyewe, akaja kununua chakula.

"Nyasi za bondeni bei gani?"

"Sawa na hizi zangu za mlimani. Konzi moja kwa gurudumu lako zima."

"Umerukwa na akili? Za bondeni zinaota zenyewe kwa mvua!"

"Na mto unatiririka wenyewe. Lakini sheria ni sheria, bwana." Pimbi akapiga mwayo.

Soko likaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Kiboko akamgeukia muuzaji huyu, akamgeukia yule. Wote wakatikisa vichwa.

"Basi naifuta, ya nyasi."

"Ukifuta, futa yote," akasema Pimbi.

Kufikia adhuhuri njaa ilikuwa imemzidi Kiboko. Akaifuta yote, kwa mdomo wake mwenyewe. Bei ya umeme wa mto ikashuka, jioni jiko la Pimbi likawaka, na kitinda mimba akalala ametulia.

Nami nakomea hapo penye lundo la nyasi: sheria usiyoweza kuila wewe, usimpakulie jirani.